Sengo Hafi kwa Barua

Tabata, 4 Februari 2024

Kaka Kasiani,

Shikamoo. Mie mzima, na najua ungependa niandike kwamba wasiwasi wangu wote uko kwako huko ulipo. Uko nusu tu. Nusu nyingine nimeigawa: sehemu iko kwenye goti la Mama huko kijijini, ambalo Baba anasema siku hizi linatabiri mvua kabla ya redio, na sehemu iko kwa Shangazi Auleria, ambaye tangu achaguliwe mwenyekiti wa kwaya anatusemesha hapa nyumbani kwake kama watu waliochelewa mazoezi. Baba mwenyewe hajambo. Kigango kimempa kazi ya kuchonga Njia ya Msalaba. Ameanza na Yesu anapoanguka mara ya pili, kwa sababu, anasema, mara ya kwanza kila mtu anaitazama sana.

Sasa habari za mezani, za mchezo wetu.

Sengo, mhusika wako, bado ana homa. Ulipoondoka mwezi wa nane kwenda unovisi, huo mwaka wenu wa malezi ya kitawa, Godlisten alimlaza kwenye nyumba ya wageni kando ya mto, akasema tutamwamsha ukija likizo. Msimulizi mzima, hakujua kwamba mwaka wa unovisi hauna likizo. Sasa kila Jumamosi tukikaa barazani, kabla hatujatandika ramani, Mudathir anauliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Juzi kasema homa ya miezi sita siyo homa tena, ni mpangaji.

Nalumwe, mhunzi wangu, naye kasimama, hapandi daraja. Sheria unaijua, tuliitunga pamoja: hakuna anayejiandikia. Ukijaribu jambo gumu mbele ya watu, dadu ikakukataa, shahidi wako anakuandikia kovu kwenye karatasi ya mhusika wako. Makovu matatu, unapanda daraja. Shahidi wangu ni wewe, na wako ni mie. Tangu Krismasi Nalumwe kafua mnyororo wa daraja la mto ukakatika mji mzima ukitazama, halafu kamdanganya mlinzi wa lango akagundulika. Hayo ni makovu mawili halali na hayajaandikwa. Najma alishika penseli aniandikie, nikaivuta karatasi. "Dada we," akasema, "mbona kama nataka kukuibia mume?"

Na hili ndilo lililonifanya nikuandikie leo. Kile kitabu cha sheria cha Godlisten, fotokopi aliyopewa na binamu yake, kile kilichokosa sura nzima ya namna mhusika anavyokua, unakumbuka? Sura tuliyoikosa mpaka tukakaa siku nzima kutunga yetu? Ameipata mtandaoni, imekamilika. Kumbe kwa wenzetu unapata pointi ukishinda. Ukimwangusha adui, pointi. Ukipata hazina, pointi. Zikijaa unapanda, na kila mtu anajiandikia mwenyewe. Kushindwa hakuna faida yoyote. Miaka yote hii tumekua kwa makovu kwa sababu mashine ya fotokopi iliruka kurasa.

Godlisten anataka tuhamie huko. "Sista, tulikuwa tunakosea," kasema. Nikamwambia tulikuwa tunakosea vizuri. Mudathir yuko naye, amechoka kushindwa bure, anasema, fundi umeme hushindwa ya kutosha kwenye nyumba za watu. Najma yuko nami. Wawili kwa wawili. Kura inayobaki ni yako, na mie nimekataa lolote lisibadilike mpaka uipige.

Najua barua zenu zinapita kwanza mikononi mwa mlezi. Hakuna humu kitu cha kuficha.

Mdogo wako,
Demetria


Njombe, 10 Machi 2024

Mdogo wangu Demetria,

Marahaba. Barua imefika ikiwa imelowa pembe moja, lakini yote inasomeka. Mwambie Mama sweta ninalivaa, na juu yake ninavaa jingine. Huku asubuhi ukiongea unaona maneno yako yakitoka. Tunalima viazi, tunasali, tunanyamaza, tunalima viazi. Nimepewa zizi la nguruwe. Kuna jike mmoja haanzi kula mpaka wenzake wote wapange mstari, nimempa jina la mwenyekiti fulani wa kwaya. Hilo usimfikishie.

Mwambie Baba nimecheka peke yangu kwenye chakula, wakati wa ukimya, kwa sababu ya kule kuanguka mara ya pili. Nikaulizwa baadaye, nikaeleza, na wao wakacheka.

Kuhusu kura, sipigi. Amueni nyinyi mnaocheza.

Kuhusu Sengo, naomba umfunge. Mwambie Godlisten homa imemshinda. Wamzike kando ya mto, mahali pa kawaida, bila makuu. Karatasi yake uichome. Na wewe utafute shahidi mwingine. Najma anafaa, ana jicho zuri na hana haraka.

Usiniulize sana, Deme. Nisalimie wote barazani.

Kaka yako,
Kasiani


Tabata, 24 Machi 2024

Kaka Kasiani,

Shikamoo. Goti la Mama lile lile. Shangazi ameongoza nyimbo za Matawi leo mpaka sauti imekauka, kwa hiyo tumepata mchana mtulivu. Nimepata vipindi vya hisabati kwenye shule moja binafsi, si vingi. Nimemaliza habari za familia.

Sichomi.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kutafuta sababu na sikuiona. Uliandika kurasa mbili, moja na robo tatu zikawa nguruwe na viazi, halafu ukamuua mtu kwa mistari minne. Mtu wa miaka minne! Aliyewavusha watoto wa wachimba chumvi mto ukiwa umefura! Aliyebeba makovu tisa ambayo kila moja nimeliandika mie kwa mkono wangu! "Mahali pa kawaida, bila makuu." Hata kuku wa Shangazi anaulizwa zaidi ya hapo.

Sheria nyingine tuliyoitunga, kama Njombe imekusahaulisha: hakuna anayekufa akiwa hayupo mezani. Wewe ndiye uliyeidai, Mudathir alipotaka kumnyonga mhusika wa Najma siku Najma alipokwenda kumuuguza bibi yake. Ulisimama, ukagonga meza, ukasema mtu hafi kwa kusikia habari. Basi Sengo hafi kwa barua. Akitaka kufa, mwenyewe aje akae, aseme anafanya nini, atupe dadu, tumwone.

Na kuna jambo la Shangazi. Jumamosi iliyopita alirudi mapema akatukuta barazani. Alishatukuta mara mia, lakini safari hii alisimama mlangoni na mkoba wake, akasikiliza. Godlisten alikuwa anasimulia pango. Shangazi akauliza, "Hao mizimu mnaowaita ni wa wapi?"

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi. Ni watu wamekaa kwenye baraza. Mmoja anasimulia, wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, ana jina, kazi na woga wake. Msimulizi anasema mto umejaa, mimi nasema Nalumwe anavuka, dadu inaamua kama kavuka. Kinachotokea tunakiandika. Hakuna anayeitwa, Shangazi. Hakuna hata mshumaa.

"Na kaka yako aliacha mtu wake humo?"

"Yupo. Anaumwa."

Kaka, uso ulimbadilika. "Kwa hiyo mtoto wa watu yuko nyumba ya Bwana, na nyinyi huku mmemshikilia kipande!" Akatoa amri: mchezo usichezwe tena barazani kwake. Godlisten akajaribu kumtania, "Shangazi, hata Ayubu aliumwa muda mrefu," ikawa mbaya zaidi.

Sasa naona mambo mawili yamekuja pamoja, yeye kutufukuza na wewe kumzika Sengo, na mie nimesoma takwimu, siamini sana mambo yanayokuja pamoja bila sababu. Kuna mtu amekuambia uandike vile.

Kwa hiyo, Bruda Fransis, wewe mlezi unayesoma hii kabla ya kaka yangu, shikamoo. Sikufahamu na nakuheshimu. Ila kama ni wewe uliyemwambia mchezo wetu ni dhambi, ungeniandikia mie nikujibu, maana yeye hajibu. Mie ni mhunzi mezani, na hapa nje ni mwalimu, na sehemu zote mbili nimezoea moto.

Demetria


Njombe, 12 Mei 2024

Mdogo wangu Demetria,

Kristo amefufuka, ingawa Pasaka imeshapita na salamu yangu imechelewa. Ucheleweshaji ni wangu, si wa posta. Nilianza barua mara kadhaa nikachana. Natumaini vipindi vya hisabati vimeongezeka na kwamba hupigi kelele darasani kama unavyopiga kwenye karatasi.

Bruda Fransis ameniletea barua yako mwenyewe hadi zizini. Anasema marahaba, shikamoo imefika vizuri. Anauliza mhunzi ana daraja la ngapi. Nilimweleza kwamba umesimama kwa sababu shahidi wako ni mimi, akatingisha kichwa akaniambia, "Basi wewe una deni la watu." Hajanikataza kitu. Shangazi alimwandikia, hilo ni kweli, kurasa tatu. Naye akamjibu kwamba watu waliobuniwa hawamsumbui, wanaomsumbua ni wale wa kweli wanaokwepa zamu ya kuosha sufuria.

Kwa hiyo usimtafute mtu nyuma yangu. Aliyeomba Sengo afungwe ni mimi peke yangu, na bado naomba.

Shangazi hajambo? Barua yako haikusema mmeafikiana vipi.

Kasiani


Chanika, 16 Juni 2024

Kaka Kasiani,

Shikamoo. Barua yako ya Mei nimeipata juzi. Ilifika parokiani mapema, Shangazi akaitia kwenye mkoba wake wa kwaya, ikakaa humo kati ya Zaburi na pipi za koo mpaka Najma alipomkuta sokoni akamwuliza. Kuanzia sasa tumia sanduku la posta la shule, nimeliandika nyuma ya bahasha. Vipindi vimeongezeka. Mama hajambo. Baba amefika kituo cha Veronika na anagombana na pua yake.

Meza ipo. Tunakutana huku Chanika, kwenye nyumba ya Najma ambayo bado haijaisha. Chumba chetu kina kuta nne na hakina madirisha, mashimo tu, na mbuzi wa jirani anaingiza kichwa kutazama ramani. Mudathir ametuvutia taa kwa waya ambao hataki niuulizie. Godlisten anasema pango halijawahi kuwa pango hivi. Kuhusu sheria mpya, sijakubali. Walijaribu Jumamosi moja wakati nina mitihani ya kusahihisha. Najma anasema ndani ya saa chache Mudathir alikuwa amejiandikia pointi za kumtosha mfalme, halafu akakaa akitazama karatasi. "Mbona sijisikii kitu?" akauliza. Wamerudi kwenye makovu kwa muda, wanasema. Kwa muda!

Nimekusoma vizuri safari hii. Unasema hakuna mtu nyuma yako. Sawa, namwomba radhi Bruda Fransis, na mwambie mhunzi yuko daraja la tatu na limebaki kovu moja afike la nne. Lakini wewe nakujua. Ulipokuwa kidato cha pili ukaonewa bwenini, nyumbani uliandika kurasa nzima kuhusu uji. Uji! Mama alifurahi, mie peke yangu nilijua. Leo unaandika nguruwe. Mtu anayetaka kumzika mwenziwe wa ndani, asiseme kwa nini, yuko mahali pabaya na anaona haya kusema. Kama ni hivyo, huna haja ya kueleza. Jibu barua hii kwa habari za nguruwe tu, na mie nitakuja kukuchukua kabla Shangazi hajavua viatu.

Na kama siyo hivyo, basi cheza. Kwenye bahasha nimekuwekea dadu ya mpingo, ile Baba aliyotuchongea. Kaa popote, hata zizini. Mpe Bruda Fransis nafasi ya shahidi. Tamka kwa sauti: Sengo anaondoka. Tupa. Ikitoka nne na kuendelea, ameondoka, nami nitaichoma karatasi kama ulivyotaka, kwa mkono wangu, sitasema neno. Ikitoka chini ya nne amejaribu akashindwa. Hapo nakuandikia kovu la kumi, na unarudi.

Hiyo ni haki. Dadu haina shangazi.

Nasubiri.

Demetria


Njombe, 28 Julai 2024

Mdogo wangu Demetria,

Nguruwe kwanza. Mwenyekiti wa kwaya amezaa watoto wanane na wote wanapanga mstari. Naandika habari za nguruwe kwa sababu kuna habari za nguruwe. Siteseki. Usivue viatu vya mtu.

Sasa zamu yangu kuuliza. Barua yako imeandikwa Chanika. Ulieleza nyumba ya Najma, mbuzi, taa, waya, na hukuandika unalala wapi. Nimelazimika kusoma kwa Shangazi kwamba uliondoka Jumatatu ya Pasaka na begi moja na bahasha ya karatasi za mchezo, na kwamba tangu siku hiyo hamsalimiani hata mlangoni pa kanisa. Anasema uliondoka bila kugeuka. Anasema pia, mstari mmoja chini, kwamba bado anapika ugali wa kutosha wawili. Ulinidai ukweli kwa kalamu nyekundu na wako ukauacha Tabata.

Nitakuambia wangu, halafu ufanye unalotaka.

Nilipofika huku, miezi ya mwanzo, Sengo alikuja nami. Nikipiga magoti kusali najikuta mtoni, nashika kasia, nasikia Godlisten akisema maji yamefika kifuani. Nilipigana naye. Wakati ule sikukuandikia umfunge, hata siku moja. Nilikuwa namhitaji. Alikuwa baraza, alikuwa nyinyi, alikuwa wewe na penseli yako ukiniandikia makosa yangu kwa furaha kubwa.

Halafu, mwezi wa kwanza, wa pili, sijui lini, nikagundua hajaja. Nilikuwa nachimba viazi na nilikuwa nachimba viazi tu. Nilikuwa nasali na nilikuwa nasali tu. Barua yako ikaja, ikasema Sengo bado ana homa, nikachukua muda kukumbuka ni nani. Hilo ndilo lililonitisha, Deme. Kumbe ninaweza kumsahau. Nikataka azikwe kwa heshima wakati bado ninajua njia ya kaburini.

Sikuweza kukuandikia hivyo kwa sababu najua ulivyonielewa tangu siku ile uliponisindikiza stendi. Ulielewa nimechukuliwa. Na Kanisa, na Shangazi, na Mama na nadhiri zake za zamani juu yangu. Ukakaa huko nje ya ukuta ukipiga kelele nitolewe. Ningekuambiaje kwamba ndani hakuna mtu aliyefungwa? Kwamba niliingia mwenyewe, na napapenda?

Nimefikiri ukisoma hili utasema wamenifundisha kuandika. Basi lisome mbele ya Najma, mwenye jicho zuri.

Dadu nakurudishia. Bruda Fransis alikuwa tayari kabisa kuwa shahidi, alishakunja mikono ya kanzu. Nikakataa. Kila jambo mezani nilikubali kulitupia dadu, hata maisha ya watu niliowavusha. Hili silitupii.

Nadhiri za kwanza ni Jumamosi tarehe 14 Septemba. Baba na Mama wanakuja, Shangazi anakuja na nusu ya kwaya. Kuhusu wewe sijaahidi mtu. Sengo mfanye unavyoona. Wewe ndiye shahidi, na mimi siwezi kujiandikia.

Kaka yako,
Kasiani


Chanika, 1 Septemba 2024

Kaka Kasiani,

Shikamoo. Mama na Baba wamefika Dar salama, wamefikia Tabata. Goti limesafiri vizuri kuliko Baba. Pua ya Veronika imekubali.

Barua yako nilimsomea Najma kama ulivyosema. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyo hajafundishwa. Huyo ni yeye." Nikamwambia sikumwomba maoni. Akasema, "Uliniomba jicho, sasa unalikataa?" Tuligombana kidogo. Mbuzi akaingiza kichwa, akatoka.

Nina hasira na wewe. Sitaizungusha. Nimebeba karatasi yako kutoka Tabata hadi Chanika kama mtu anayetoa mtoto kwenye nyumba inayoungua, kumbe mwenye mtoto alikuwa amekaa mahali pengine, ameshiba, anahesabu nguruwe. Ungeniambia mwezi wa pili. Ningelia, ningekutukana, ningekuwa nimemaliza. Badala yake umeniacha nipigane na Bruda asiye na kosa, na Shangazi mwenye kosa nusu, na Godlisten ambaye kosa lake ni kusoma kitabu mpaka mwisho. Nakuuliza, na sitaki jibu: uliogopa nitaumia, au uliogopa nitakuona ukiwa na furaha pasipo mie?

Nilikwenda Tabata Jumatano. Shangazi alinifungulia akiwa na futi ya kupimia shingoni, sebule nzima imejaa kitenge cha sare.

"Umekuja kuomba msamaha?"

"Nimekuja kupimwa gauni."

Akaivuta futi shingoni. "Nyoosha mikono," akasema. Akanipima kifua, akanipima kiuno, akasema nimekonda kwa kula vya kununua. Alipofika mabegani akauliza, bila kuinua kichwa, "Na yale makaratasi?"

"Ninayo, Shangazi. Yanasafiri nami."

"Kwenye nadhiri?"

"Kwenye nadhiri."

Alibana pini mdomoni akaendelea kupima. Halafu akanipakulia ugali. Hatujaafikiana. Mchezo haurudi barazani na mie sirudi chumbani, lakini gauni linanienea.

Jana meza ilikutana. Mudathir akauliza kama kawaida, "Mgonjwa anaendeleaje?" Godlisten akaanza kusema tumfunge, mwenyewe ameomba. Nikamzuia. Nikasema Sengo ameamka. Ameoga, amemshukuru mwenye nyumba ya wageni, ameshuka mtoni na kuvuka, safari hii peke yake. Godlisten akauliza, "Ng'ambo kuna nini? Sijawahi kusimulia ng'ambo." Nikamjibu, "Hujui wewe, na mie sijui." Akaacha hapo. Ni msimulizi mzuri anapotaka.

Kisha nikampa Najma penseli. Aliandika makovu ya Nalumwe mawili, ya mnyororo na ya mlinzi, kwa mwandiko wake usiosomeka, wa duka la dawa anakofanya kazi. Akabaki ameshika penseli. "Na hili la kaka yako? Ulijaribu kumrudisha, ukashindwa, mbele yetu wote. Linakuwa la tatu, unapanda."

Nikamkatalia. Sipandi kwa ajili yako. Nalumwe atalipata la tatu kwa nyundo yake mwenyewe.

Sasa lako. Unasema nifanye ninavyoona. Ndivyo nitakavyofanya, ila neno hilo ukubali kulibeba lote: ninavyoona. Mie sikuandikii kupanda kwa jambo nililolisoma kwenye barua. Shahidi hasikii, anaona. Karatasi yako iko wazi na chini ya makovu tisa kuna nafasi. Sijui kama litakuwa kovu au daraja, na usinisaidie kujua.

Ninakuja. Sitakaa na kwaya, nitakaa benchi la mbele, na watakaoniambia limetengwa kwa masista nitawaambia mie ni sista pia, wa kwako. Ukisimama kuzitamka nadhiri, utanitazama. Usitazame altare, usimtazame Bruda, nitazame mie. Nikiona ni wewe unayesema, nitaijaza ile nafasi hapo hapo kwenye goti langu, kwa wino. Nikiona siyo wewe, nitasimama na kusema, kwa sauti, mbele ya Askofu kama atakuwepo, na Shangazi hatakuwa na wimbo wa kunifunika.

Basi letu linatoka Alhamisi tarehe 12 alfajiri. Usijibu barua hii, jibu halitanikuta.

Demetria